Mguu wa Kushoto wa Wanjohi

Al Sadd, Doha
Jumanne, 11 Februari 2025

Kwa Kocha Rael,

Natumaini barua pepe hii inakukuta kabla hujakasirikia mtu leo. Najua msimamo wako kwamba sheria za mchezo hazijadiliwi kwa kurekodiana sauti kwenye simu, kwa hiyo nimekaa chini nikaandika kama ulivyotufundisha.

Nina shida, na hapa Doha sina mwingine wa kumwuliza. Unajua kazi yangu: siku za kawaida nakodisha viatu vya barafu pale mlangoni mwa uwanja, ndani ya mall, na siku za Ijumaa navaa jezi ya milia na kuwa refa wa mstari katika ligi yetu ya hoki ya barafu. Sasa kamati ya ligi inataka kubadilisha sheria ya kuotea, na wameomba maoni yangu kwa maandishi. Mimi niliyekuwa nikijificha nyuma ya Wanjohi ulipouliza maswali!

Chanzo ni nusu fainali ya Ijumaa iliyopita. Doria, timu ya walinzi na watu wa hoteli, walikuwa sare ya bao moja kwa moja na wahandisi, zimebaki dakika mbili. Wanjohi wetu, anayewachezea Doria, alikuwa anasubiri pasi kwenye mstari wa buluu. Mguu wa kulia ulikuwa umeshaingia upande wa wapinzani, wa kushoto uko nyuma. Kisahani cha mpira kikaja kikiteleza, akakipokea, akafunga. Mimi nilikuwa nimeshapuliza filimbi. Unaijua sheria: anayekitangulia kisahani kuvuka mstari ameotea, isipokuwa mguu wake mmoja bado unagusa mstari. Mguu wa kushoto ulikuwa juu ya mstari lakini hewani, haukugusa barafu, na kwa sheria tunayotumia hapa mguu wa hewani hauhesabiwi. Goli likafutwa. Wahandisi wakaenda wakafunga la kwao, mchezo ukaisha.

Wanjohi alinijia juu mbele ya watu wote. "Naha, umeuona mguu wangu! Sema ukweli!" Kisha akarusha gongo lake, likapiga kioo mahali walipokaa watoto. Hakuna aliyeumia, lakini kamati imemfungia mwaka mzima. Lililo baya zaidi, meneja wa uwanja alikuwa amemwahidi kazi ya kufundisha watoto baada ya Idi, na sasa anasema mrusha magongo hawezi kukabidhiwa watoto wa watu. Mkataba wake wa ulinzi huko West Bay unaisha tarehe 30 Aprili. Asipopata hiyo kazi, anarudi Kenya. Amehama chumba chetu, yuko kwa binamu yake Al Wakrah, na simu zangu hapokei.

Naumia, lakini sheria ni sheria.

Mapendekezo ya kamati ni matatu. Mguu ulio hewani juu ya mstari uhesabiwe kama umegusa. Refa asipulize papo hapo mtu akiotea, bali washambuliaji wapewe nafasi ya kurudi nyuma ya mstari kwanza. Na watoto wacheze bila kuotea kabisa. Niandike nini?

Mwanafunzi wako,
Nahashon

*

Nairobi
16 Februari 2025

Nahashon,

Nilikuwa nimeshakasirika, asante kwa kuuliza. Wenye maegesho tunakofundishia wametuwekea njia mpya za magari, na nusu ya uwanja wetu wa viatu vya magurudumu imekwenda. Lakini umeniletea sheria ya kuotea, na kwa hilo nakusamehe mengi.

Pendekezo la pili: wakubali leo, walipaswa kulikubali zamani. Mchezo unaosimama kila dakika si mchezo, ni foleni ya hospitali.

La tatu: wakatae. Mtoto asiye na kuotea atapiga kambi mbele ya goli kama mgeni aliyewahi meza ya pilau, na hatajifunza kumsubiri mwenzake. Kuotea ndiyo sheria pekee inayomlazimisha mwenye mbio kumtazama asiye na mbio.

La kwanza: wakatae, na wakikataa waseme kwa sauti. Chuma kikigusa barafu kinaacha alama, na refa aliyesimama mahali pake anakiona, pengine hata anakisikia. Mguu ukiwa hewani, kila mtu anaona kivyake kulingana na alipokaa. Ninyi hamna kamera. Mnataka refa akisie, na refa anayekisia amekuwa mpiga ramli. Sheria nzuri inadai kitu ambacho jicho la mtu wa kawaida linaweza kuapa limekiona. Wewe uliona, ukapuliza, ukasimama imara hata kwa rafiki yako. Ndivyo nilivyokufundisha, na nimewasimulia watoto hapa habari zako.

Wanjohi amenyamaza kabisa, hata salamu zangu hajibu. Hilo la gongo nitamshughulikia mwenyewe, mwambie ajiandae.

Rael

*

Al Wakrah
Jumapili, 23 Februari

Naha,

Barua hii nampa Kassim, yule dereva Mtanzania wa basi la kampuni, kwa sababu kukupigia siwezi na kuja siwezi.

Latifa, katibu wa ligi, ameniambia kamati inaweza kunipunguzia adhabu nikiomba msamaha kwa maandishi. Hiyo ya kamati nimeandika kwa Kiingereza, mistari minne, nimeshaipeleka. Hii ni yako peke yako na haina nakala.

Mwanzoni nilikuwa na hakika. Niliusikia mstari chini ya mguu, au nilidhani nimeusikia. Wiki nzima nilikutukana kimoyomoyo, na matusi mengine niliyatoa kwa sauti, binamu yangu ni shahidi. Halafu nikaanza kufikiri. Nimekujua miaka tisa. Sijawahi kukuona ukisema uongo kwa jambo dogo wala kubwa. Pale hotelini Nairobi ulirudisha saa ya mgeni ambayo hata mwenyewe hakujua ameidondosha. Kwa hiyo kati yako na mguu wangu, nikaona mwongo lazima awe mguu.

Utacheka. Kazini kwetu, kwenye maegesho ya mnara, kuna mstari wa njano wa magari. Nilimwomba Job, yule Mganda tunayelinda naye geti, anitazame nikivuka nao. Mguu unagusa au haugusi? Mara anasema unagusa, mara anasema haugusi. Nimevuka ule mstari labda mara hamsini, na kofia ya ulinzi kichwani, watu wa ofisini wananipita. Mwisho nikakubali kwamba mtu anaweza asijue mguu wake ulipo.

Basi nisamehe. Nilikuita mwongo mbele ya watu, na kwa Kiswahili, ili kikuume zaidi, hata kama wengine hawakielewi. Nakosa usingizi kwa hilo kuliko kwa ile kazi, ingawa kazi nayo naililia.

Wanjohi

*

Al Sadd
Jumatano, 26 Februari

Ndugu Wanjohi,

Kassim amenifikishia barua yako. Umeonyesha ukomavu mkubwa na nimefurahi.

Nimekusamehe kwa moyo mmoja. Kazi ya refa ni ngumu, hasa pale unapolazimika kumhukumu mtu wa karibu, na si wengi wanaoielewa. Yaliyopita tuyaache yapite. Ukitaka nikuandikie neno kwa meneja kuhusu tabia yako nzuri, usisite kuniambia.

Wako,
Nahashon

*

Al Sadd
Jumatano, 5 Machi

Kwa Kocha Rael,

Samahani kwa kuchelewa. Mwezi wa Ramadhani saa zetu za kazi zimegeuka, na ligi imesimama mpaka baada ya Idi. Kamati itapiga kura tarehe 12 Aprili.

Maoni yangu nimeshayapeleka. La pili nimeunga mkono na la tatu nimepinga, kwa maneno yako karibu yote, hata yale ya pilau. Mwenyekiti alicheka sana. Ila usikasirike: pendekezo la kwanza nimeliunga mkono. Nimeandika kwamba mguu wa hewani uhesabiwe. Hoja zako nilizisoma na ni nzito, lakini nimetazama mambo kwa upande wa ubinadamu. Sheria ikibadilika, meneja ataona kwamba Wanjohi alionewa na sheria, si na mtu, na pengine moyo wake utalainika kuhusu ile kazi.

Wanjohi mwenyewe ameniandikia kuomba radhi. Nimemjibu vizuri. Kwa hiyo hayo yameisha.

Latifa amenidokeza kwamba kamati inataka kunifanya mkuu wa marefa wa mstari msimu ujao. Mwenyekiti alisema mtu aliyefuta goli la mwenzake wa chumba ndiye wanayemhitaji. Nilidhani utapenda kusikia.

Nahashon

*

Nairobi
9 Machi 2025

Nahashon,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naishia mahali pamoja.

Sikasiriki kwamba umepinga hoja yangu. Nakasirika kwamba hukuijibu. Tangu lini wewe unaitazama sheria kwa upande wa ubinadamu? Ulikuwa unanikatalia mimi, kocha wako, nikihesabu goli la mtoto anayelia. Basi nikaacha sheria nikaanza kufikiria mguu wenyewe, na hapo nimekwama.

Wanjohi alijifunza kwenye lami, kwa viatu vya magurudumu vya kuazima, na cha kushoto kilikuwa kikubwa. Akikiinua kinamtoka. Kwa hiyo hakuinua. Alikiburuta. Hata nilipompata viatu vya saizi yake, hata tulipokwenda kwenye barafu ya hoteli, mguu wa kushoto uliburutwa. Miaka miwili nilipigana nao. Nilimwekea chupa aziruke, akazisukuma zote kwa ncha ya kiatu. Nilimtukana mpaka mama mmoja akaja kuniambia watoto wanasikia. Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyekuwa unaokota chupa.

Video mlizonitumia mwaka jana zote zinaonyesha mguu uleule na ncha ileile inachora barafu. Sasa nieleze kwa ustaarabu, kwa sababu mimi nataka kuelewa: siku moja katika maisha yake yote, siku ya nusu fainali, dakika mbili kabla ya mwisho, mguu wa kushoto wa Wanjohi uliinuka?

Uliuona ukiwa hewani? Jibu la neno moja linatosha.

Rael

*

Nairobi
24 Machi 2025

Nahashon,

Wiki mbili. Kwa swali la neno moja, kimya chako ni kirefu.

Nimejua una afya kwa sababu Damaris, dada yako, ameniambia umempigia juzi na ukamwuliza kama mimi huwa nasema lolote kukuhusu. Nimesema sasa.

Rael

*

Al Sadd
Jumatatu, 31 Machi

Kocha,

Leo ni siku ya pili ya Idi, uwanja umejaa, nimewapimia watu viatu mpaka vidole vinauma, na kila kiatu nilichokishika niliangalia ncha yake. Siwezi tena.

Hapana. Haukuwa hewani.

Niliuona. Nilikuwa nimesimama mahali pangu hasa, hatua tatu kutoka kwake, hakuna aliyenikinga. Ncha ya chuma ilikuwa juu ya buluu inachora, na kisahani kikavuka mstari kwanza, na yeye akaingia nacho. Lilikuwa goli safi kuliko magoli yote ya msimu. Nililiona vizuri kama ninavyoiona barua hii.

Nataka kukueleza kwa nini, na kila nikianza naona maneno yananitetea, kwa hiyo yasome ukijua hilo. Kabla ya mchezo nahodha wa wahandisi alinipiga begani akacheka, akaniambia, "Leo ndugu yako anacheza, tunakutazama wewe." Alikuwa anatania. Lakini mimi niliingia barafuni na utani ule. Unajua tunavyosemwa huku. Mkenya mmoja akipata nafasi, kesho yake wanasema ameleta ukoo mzima. Niliogopa waseme refa mweusi anambeba mweusi mwenzake, mshirika wa chumba, mtu anayekula naye sufuria moja. Nikajiwekea nadhiri kwamba siku hiyo kila lenye shaka juu ya Wanjohi nitalikata dhidi yake. Na hili halikuwa na shaka hata kidogo. Nililikata kwa sababu lilikuwa lake na lilikuwa kubwa. Filimbi ilikuwa mdomoni kabla sijafikiri, na nilipofikiri nilikuwa nimeshasema neno "hewani".

Baada ya hapo ningeweza kurudi nyuma. Dakika ile ile ningeweza. Halafu kwenye ripoti ningeweza. Halafu alipoomba msamaha. Kocha, aliniomba msamaha. Alivuka mstari wa magari mara hamsini mbele ya watu, ajue kama mguu wake ni mwongo. Na mimi nikamwandikia kwamba nimemsamehe kwa moyo mmoja, na kwamba ameonyesha ukomavu. Sijui mtu anayeandika hivyo anaitwaje. Barua yangu hiyo ninaikumbuka neno kwa neno, na inanijia nikiwa napanga viatu, nikiwa nakula, mahali popote.

Sasa watu wazima watano watakaa kubadilisha sheria kwa ajili ya mguu wa hewani ambao haukuwahi kuwa hewani. Na nimewasaidia kwa hoja.

Naona aibu hata kusaini jina.

N.

*

Nairobi
2 Aprili 2025

Nahashon,

Saini jina lako. Wazazi wako walilitoa kwa nia njema.

Nimekaa na barua yako siku nzima. Nilikuwa nimeshaandika kurasa mbili za matusi na nimezifuta, si kwa huruma, ila nimeona kwamba aibu hiyo nami ninayo sehemu yake. Niliwasimulia watoto hapa habari za refa aliyefuta goli la rafiki yake. Niliipenda hadithi ile kuliko nilivyotaka kuikagua. Kesho nitawaambia nilikosea, na watauliza maswali, na nitayajibu.

Mimi si kamati na si Wanjohi, kwa hiyo kuniungamia mimi hakujakupunguzia kitu. Mwambie yeye kwanza, halafu hao watano. Usianze na kamati, kwa sababu akilisikia kwao utakuwa umemdhalilisha mara ya tatu. Na usimwombe akuelewe. Mpe ukweli, umwachie aufanyie anavyotaka.

Zimebaki siku kumi.

Rael

*

Al Sadd
Jumamosi, 5 Aprili

Wanjohi,

Mguu wako ulikuwa kwenye mstari. Uligusa. Niliuona ukigusa, na nikapuliza.

Hukuwa umeotea. Lilikuwa goli. Doria walipaswa kuwa kwenye fainali, na wewe ulipaswa kuwa na ile kazi. Yote uliyonipigia kelele barafuni yalikuwa kweli, na mwongo ulimwita kwa jina lake.

Niliogopa watasema nakupendelea. Hiyo ndiyo sababu, haina nyingine nyuma yake, na ni ndogo kuliko yote iliyokupotezea. Sikuulizi wewe ungefanya nini ungekuwa mahali pangu. Sina haki ya kukupa swali hilo.

Barua niliyokuandikia Februari, ile ya kukusamehe, ndiyo inayoniumiza kuliko filimbi. Filimbi ilikuwa sekunde moja. Ile barua niliiandika nimekaa, nikaisoma, nikaona ni nzuri, nikampa Kassim.

Tarehe 12, saa nne asubuhi, kamati inakutana kwenye chumba cha juu cha uwanja. Nitawaambia wote, na nitamwambia meneja. Nimemwomba Latifa akuruhusu uwepo. Ukija au usipokuja, nitasema.

Nahashon

*

Al Sadd
Jumapili, 13 Aprili

Kwa Kocha Rael,

Nimesema.

Wanjohi alikuja. Alivaa suti ile ya kuendea harusi, akakaa kwenye kiti cha ukutani, hakunitazama. Kamati walikuwa watano na Latifa anaandika kumbukumbu. Mwenyekiti alianza kwa kunisifu, ikabidi nimkatize. Nilisimama nikasema kwamba mguu uligusa, kwamba niliuona, na kwamba ripoti yangu ni ya uongo. Nilisema hivyo nimeshika meza.

Halafu unajua nini kilifuata? Mmoja akauliza, "Kwa hiyo, kama mguu uligusa, pendekezo la kwanza bado lina msingi?" Mwingine akasema msingi wake ni kanuni, si tukio. Wa tatu akafungua kitabu cha sheria. Wakachora mstari ubaoni, wakachora kiatu, wakabishana kama ni ncha au kisigino, na itakuwaje kisahani kikiwa kimeruka. Hoja zako zilitajwa, Kocha, na aliyezitaja alizitetea vizuri. Nusu saa nzima. Mimi nimesimama katikati yao na hakuna aliyeniambia niketi, na Wanjohi yuko pale ukutani mikono juu ya magoti, anasikiliza mguu wake ukijadiliwa kwa Kiingereza.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Niliona kwamba kwao yeye hakuwahi kuwa mtu katika jambo hili, na mimi ndiye niliyewafundisha kumwona hivyo, kwa maoni yangu mazuri ya kurasa mbili.

Latifa ndiye aliyeweka kalamu chini. Yule dada wa Kizanzibari ambaye hata chai huiomba kwa kunong'ona. Akanigeukia mimi kwa Kiswahili, akasema, "Hebu waambie basi, kaka Nahashon. Huyu bwana aliyekaa hapa, adhabu yake inaondoka lini?" Nikageuza kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa, na nikaongeza kwamba ile kazi aliipoteza kwa kosa langu. Walilimaliza kwa dakika mbili. Adhabu imefutwa. Meneja akaitwa, akasema nafasi bado ipo, aanze wiki ijayo. Kuhusu gongo, Wanjohi alisimama mwenyewe akasema hilo ni kosa lake na hatalirudia. Alikaa tena.

Halafu wakapiga kura. Pendekezo la kwanza limepita, watatu kwa wawili. Kuanzia Septemba mguu wa hewani ni halali katika ligi yetu.

Mimi nimenyang'anywa filimbi mwaka mmoja. Kazi ya viatu nimeachiwa. Mwenyekiti alinipa mkono mlangoni akaniambia inahitaji ujasiri kusema nilichosema. Nilitamani anitemee mate. Wanjohi alikuwa nyuma yangu na alisikia, akapita, akashuka ngazi.

Sikumfuata. Uliniambia nisimwombe anielewe, na nimejizuia, lakini usidhani ni rahisi.

Nahashon

*

Al Wakrah
Jumanne, 15 Aprili

Nahashon,

Nimempa Kassim barua hii na nimemwambia ni ya mwisho kubeba. Amechoka kuwa posta yetu, na tunakaa dakika ishirini tu kati ya mtu na mtu.

Barua yako ya tarehe 5 niliisoma nikiwa kazini, nikamwachia Job geti, nikaenda nikakaa chooni. Sikufurahi. Nilidhani siku nikijua nilikuwa sawa nitafurahi. Nilichoona ni kwamba nilikuamini wewe nikaacha kujiamini mwenyewe, na ulikuwa unajua, na ukaniacha niendelee hivyo wiki sita. Goli nilishalisahau. Hilo sijui nitalisahau lini.

Nilikuja kwenye kikao kwa sababu nilitaka kukuona ukisema. Ulisema. Nakiri hivyo, na sitakiri zaidi. Yule mwenyekiti alipokusifu nilikuona ulivyoinama. Hapo kidogo tu nilikuonea huruma, halafu nikajikasirikia.

Umeandika kwamba huna haki ya kuniuliza mimi ningefanya nini ningekuwa mahali pako. Ni kweli huna. Lakini nimejiuliza mwenyewe, kwa sababu pale getini mtu ana saa nyingi za kufikiri.

Ningekuwa mimi nimevaa ile milia, na wewe ndiye unasubiri kisahani, dakika mbili zimebaki, na kazi yako iko juu ya lile goli, ningekuacha upite. Hata kama ungekuwa umeotea hatua mbili nzima na uwanja mzima umeona. Wangenifukuza, na wangekuwa na haki, na Kocha Rael asingenisemesha tena. Ningesema uongo kama wewe, Naha. Ila wangu ungekubeba.

Jumapili saa tisa alasiri naanza na watoto wa chini ya miaka minane. Watakuja kwako kwanza kupimiwa viatu, kisha watakuja kwangu. Wafungie kamba vizuri. Nikikusalimia, itikia. Nisiponena kitu, usiniulize kwa nini.

Wanjohi